Mlamba Hakumkaribisha Mtu

Wanaopenda kutuambia tujifunze kwa ndege huwa wameshachagua ndege wao. Watakutajia njiwa na mapenzi yake, jogoo na kuamka kwake mapema, chiriku na nyimbo zake. Mlamba hawamtaji. Mlamba ni mweusi tii, mkia umepasuka katikati, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani, na akiwa na kiota hana adabu kwa kiumbe yeyote. Kipanga akipita juu ya mti wake anafukuzwa. Paka anafukuzwa. Mtu mzima mwenye heshima zake anafukuzwa vilevile, na kofia yake inabaki chini.

Fundi alimtaja mlamba kila siku, lakini kwa matusi.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mshonaji, na nyumba yake aliijenga kwa cherehani, sare moja ya shule baada ya nyingine. Mtaa mzima ulimwita Fundi na wengi hawakujua jina lake jingine. Nyumba ilikuwa na chumba cha kulala, jiko, ukorido mwembamba na chumba cha mbele, na kusema kweli chumba cha mbele ndicho kilichokuwa nyumba. Hivyo vingine vilikuwa vya kujisitiri tu. Kilikuwa na mlango wake wa barabarani, meza ndefu ya kukatia vitambaa, na dirisha pana lililoleta mwanga ambao mtu anaweza kutunga uzi mweusi kwenye sindano bila kukunja uso. Chumba hicho ndicho kilichomlisha. Sasa ndani yake alikuwa ameketi Meneja, na Fundi alikuwa nje barazani, chini ya mwarobaini, anashona huku amejivika sufuria kichwani.

Meneja alikuwa kaka yake mkubwa, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka mingi kiasi kwamba Fundi alimwamkia shikamoo. Maisha yake yote alikuwa mtunza ghala, na jina la Meneja alijipa mwenyewe siku alipostaafu. Alifika na begi moja, akasema paa la nyumba yake linaezekwa upya, atakaa siku mbili tatu. Fundi alimpokea begi, akasema yale ambayo kila aliyelelewa husema.

"Karibu kaka. Hapa ni kwako."

Hapo ndipo alipojikwaa. Maneno hayo wageni wameambiwa tangu enzi na enzi, na tangu enzi na enzi wamejibu ahsante, wakala walichopewa, wakaondoka. Meneja hakujibu ahsante. Alitazama dari, akatazama dirisha, akasema, "Naona."

Kwanza aliomba kona ya meza aweke miwani na simu. Kisha akaanza udalali wa nyumba na viwanja, na wateja wakahitaji kiti. Kiti kikahitaji meza ya peke yake. Meza ya kukatia ikasukumwa ukutani, kutoka ukutani ikaenda ukoridoni, ambako mtu alilazimika kupita kiubavuubavu, na mwisho cherehani yenyewe ikatolewa barazani. "Mdogo wangu," Meneja alisema, "mteja anayetafuta nyumba akikuta matambara sakafuni atafikiri tunauza mitumba." Fundi alicheka siku ile. Alicheka kwa sababu mteja alikuwa amekaa pale pale, na hasira zake akazimeza nzima nzima kama vidonge.

Alipoulizia habari za paa aliambiwa lilikwisha zamani, na nyumba imepata mpangaji. Dalali hodari, nyumba ya kwanza kuipangisha ilikuwa yake mwenyewe.

Fundi alitumia kila silaha ambayo mtu mwenye adabu anaruhusiwa kuitumia. Alifagia mpaka chini ya miguu ya kaka yake. Aligonganisha vyungu. Siku moja, akimwekea chakula, alisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Meneja aliosha mikono akicheka. "Mgeni ni nani hapa? Si ulisema mwenyewe hapa ni kwangu?" Alipompigia mama yao simu, mama alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia ndugu hafukuzwi, watu watasema nini, na isitoshe ulimkaribisha mwenyewe.

Ndipo mlamba akaingia katika kesi.

Tuwe wa haki. Mlamba na mwenzake walijenga juu ya mwarobaini wakati baraza halina mtu, na kwa hesabu zao walikuwa wamepata mahali pazuri. Halafu akaja mwanamke na mtambo unaonguruma, akakaa chini ya watoto wao kuanzia asubuhi mpaka jua linapozama. Siku ya kwanza alipigwa kisogoni akiwa ameinama kutunga uzi. Alifikiri ni jiwe, akainuka kutafuta mtoto wa kumchapa, na akapigwa tena. Alirusha kandambili mtini ikakwama huko huko. Tangu hapo ikawa vita. Wateja wakaja wameshika mikoba juu ya vichwa, wakapimwa wakiwa wamejikunyata, na nguo zikatoka fupi.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alikuwa akitazama yote hayo kutoka kwenye kibanda chake, na hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Fundi, huyo ndege ananiharibia soko," alisema siku moja. "Ananyoa bure."

"Njoo umchukue umwajiri."

"Hafai. Haulizi mteja anataka mtindo gani." Alivuka mpaka kwenye mtaro wa maji, akasimama hapo, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa umeshajifunza kwamba ukivuka mtaro unaingia kwa mlamba, na ukirudi nyuma ya mtaro hakufuati hata umtukanie mama yake. "Lakini nisikilize mimi. Kazi yangu ni visogo, kutwa natazama visogo. Umewahi kumwona huyo akimpiga mtu usoni? Anangoja ugeuke. Mtazame machoni uone kama hatarudi kwenye tawi lake."

"Nitashona saa ngapi nikimtazama yeye?"

"Hilo sasa ni lako na kaka yako," kinyozi alisema, akarudi zake kwenye mkasi.

Maneno hayo yalimuuma kuliko mdomo wa ndege. Mchana ule alikaa na kazi mapajani bila kuishona, akitazama juu. Kipanga alitokea mbali, juu ya mapaa, hajakaribia hata nyumba ya kinyozi, akipita tu kwa safari zake. Mlamba hakungoja aone kama anakuja kwake au anakwenda kwingine. Aliondoka tawini kama aliyetumwa, akampanda mgongoni, akamdonoa mpaka lile dude kubwa lenye kucha likageuza njia. Kisha akarudi, akajikung'uta, akaendelea na shughuli zake. Fundi aligundua kwamba hamchukii tu yule ndege. Alikuwa anamwonea wivu, na hilo lilimkasirisha zaidi.

Wiki ile mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja kuangalia sare za muhula mpya. Shule hiyo ndiyo iliyokuwa mkate wa Fundi; kazi nyingine zote zilikuwa mchuzi. Mwalimu alinyanyua shati jeupe, akalikuta na kinyesi cha ndege begani. Alipoinama kutazama la pili, mlamba alimshukia. Hakupiga yowe, alikuwa mwanamke mzito wa mambo, lakini alipogusa kichwa vidole vilitoka na damu.

"Fundi, kazi yako naijua," alisema, akijifuta kwa kitambaa. "Lakini siwezi kuleta watoto wa watu kupimwa hapa watobolewe macho. Kile chumba chako kimepatwa na nini?"

Fundi alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, dirisha likamtangulia.

"Karibu ndani, mwalimu," alisema Meneja, kiwiko juu ya kizingiti. "Tumebadilisha mpangilio kidogo."

Tumebadilisha. Mwalimu alimtazama Meneja, akamtazama Fundi na sufuria yake, na huruma iliyokuwa machoni mwake ilikuwa ya aina ile ambayo mtu akishamwonea fundi hampi tena kazi. "Nitapita tena mwisho wa wiki," alisema. "Nikikukuta bado uko chini ya mti, usinilaumu. Nitatafuta fundi mwenye chumba."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivyo: chumba, au shule iende. Na bila shule, nyumba nzima ingekuwa kiota kitupu cha kukalia dalali. Usiku huo Fundi alitunga hotuba mbili za adabu, na asubuhi zote zilikuwa zimemtoka kichwani.

Asubuhi hiyo Meneja alikuwa na wateja, mume na mke vijana waliotafuta chumba cha kupanga. Mlamba alikuwa amewapokea kwa namna yake, na mke, ameshaketi ndani na mumewe, alikuwa bado anajipapasa nywele. Meneja aliona biashara inaharibika. Alitoka nje, akachukua ufito mrefu wa kuinulia kamba za nguo, akakunja mikono ya shati.

"Dawa ya huyu ni ndogo tu," alisema.

"Kaka, ana makinda," Fundi alisema.

"Makinda ni yake, si yangu. Siwezi kukubali ndege anifukuzie watu kwenye nyumba yangu."

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya kanyagio. Alikuwa amesikia "hapa ni kwangu" mara nyingi, kwa mzaha na kwa nusu mzaha. Nyumba yangu, kavu kavu, mbele ya wapangaji, hakuwa ameisikia.

Meneja aliinua ufito akachokoa kiota mara moja. Mara ya pili hakufika. Walikuja wote wawili, dume na jike, mmoja kulia na mmoja kushoto, na upara wa Meneja ulikuwa hauna hata unywele wa kuutetea. Aliutupa ufito ukaangukia rundo la mashati meupe, ukalitawanya lote mchangani. Alikimbia ndani ameinama, mikono kichwani, akaubamiza mlango, na Fundi akasikia komeo likishuka.

Ndege walikuwa bado hewani, na aliyebaki nje alikuwa yeye.

"Kaka, fungua."

"Subiri kwanza, ndege ataingia ndani."

"Fungua mlango."

"Pita nyuma huko, mdogo wangu," sauti ya Meneja ilisema kutoka ndani, ya upole kabisa, sauti ya mwenye nyumba. "Kuna wageni humu."

Hapo kitu kilikatika. Fundi alivua sufuria, akaiweka chini. Aligeuka, kichwa wazi, akamtazama mlamba aliyekuwa akimjia. Kinyozi alikuwa amesema kweli. Ndege alivunja mwendo hewani, akayumba, akarudi kwenye tawi la chini na kubaki hapo akikwaruza sauti yake kama mlango usiotiwa mafuta. Walitazamana. Huyu hajanionea, Fundi aliwaza. Amenikuta kwake, akaniambia. Hakunikaribisha kwa tabasamu kisha akaninung'unikia jikoni. Hakunifagilia miguuni. Mlamba hana methali.

Akapita nyuma, kama alivyoambiwa. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akajipenyeza ukoridoni kwa ubavu kati ya ukuta na meza yake mwenyewe ya kukatia, akatokea chumba cha mbele. Hakumwangalia mtu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akainua komeo, akaufungua mlango mpaka mwisho.

"Toka," alisema.

Meneja alikuwa anajifuta upara. "Nani?"

"Wewe. Toka kwenye chumba changu."

Yule kijana mume alianza kuinuka, mkewe akamvuta shati, akakaa, akainuka tena.

"Mdogo wangu, una wageni—"

"Sina wageni. Nina mtu mmoja aliyeniambia siku mbili tatu."

"Si ulisema mwenyewe?" Meneja aliwageukia wateja kama anayeita mashahidi. "Nilipoingia mlango huu alitamka kwa mdomo wake, hapa ni kwako. Au unakana?"

"Sikani. Nilisema." Alibaki ameushika mlango wazi. "Kila asubuhi nakuamkia shikamoo, kaka. Maana yake nashika miguu yako. Umewahi kuona mikono yangu miguuni kwako? Hata siku moja? Basi kama sijawahi kukushika miguu, na chumba sijakupa. Ile ilikuwa salamu. Umekuja kuishi ndani ya salamu yangu."

Mke wa yule kijana alitazama chini, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa kicheko alichokizuia kwa mkono.

Meneja alikwenda kwenye kiti chake, akaketi. Aliketi kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri. Basi Fundi hakusema tena. Alishika meza ya udalali upande mmoja akaanza kuiburuta. Yule kijana mume, kwa woga au kwa malezi mema, alishika upande wa pili, na meza ikatoka. Viti vya wateja vikatoka. Kalenda yake ya ukutani ikatoka. Kilipobaki kiti alichokalia Meneja, Fundi alisimama nyuma yake na kushika mgongo wa kiti, na Meneja akainuka mwenyewe.

"Sawa," alisema. "Nitakaa hapa hapa barazani."

"Kaa. Lakini huko juu mtini hakuna aliyekukaribisha."

"Na usiku nitalala wapi? Nyumba yangu ina mtu."

"Wewe ni dalali. Tafuta."

Alijaribu kukaa. Alikaa muda wa kuwasha simu na kutafuta namba ya mtu. Kisha alichukua begi lake, akashuka barazani kifua mbele, shingo imesimama, amekasirika kifalme, na mlamba alimsindikiza mpaka mtaroni. Hapo alimwacha, akarudi kwa watoto wake. Kinyozi, ng'ambo, alimkuta mteja wake ameinuka kitini na povu mashavuni, wote wawili wanatazama.

Fundi hakuwapungia mkono. Aliokota mashati mchangani, akayakung'uta moja moja, akayatenga ya kufua. Aliirudisha cherehani chini ya dirisha. Meza ya kukatia ilikataa kupinda kwenye kona ya ukorido, akaisukuma kwa nyonga na kuitukana mpaka ikapita. Alipokaa kushona alijidunga kidole, na alilia kidogo, machozi ya hasira, yale ambayo mtu analia huku anaendelea na kazi.

Mchana mama yao alipiga simu. Habari zilikuwa zimeshafika, na zimeshavaa nguo njiani.

"Nasikia kaka yako amepata mahali pengine," mama alisema.

"Hajapata."

"Basi tuseme ameamua kuhama. Si mtu mzima, ana uamuzi wake? Shangazi yako akiniuliza nitamwambia amehama mwenyewe, ili mambo yasiwe makubwa."

"Mama, usiseme hivyo. Sema nimemfukuza."

"We mtoto."

"Nimemfukuza mimi. Kwa mdomo wangu, mchana, mbele za watu. Alichukua chumba changu cha kazi na angenimaliza. Akiuliza shangazi, mwambie hivyo hivyo nilivyosema. Sitaki anisaidie mtu kulifunika."

Fundi alisubiri laana, maana aliona hilo ndilo lililobaki. Mama alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka, kama ya mtu aliyesimama mlangoni kwa watu.

"Na mimi nikija?"

Ulimi wa Fundi ulishafika kwenye jibu la kila siku. Aliushika. Alitazama chumba, meza, dirisha, rundo la sare.

"Ukija utalala chumba cha ndani, kwenye kitanda, upande wa ukutani, mimi nilale upande wa mlango," alisema. "Kabati nitakutolea nusu. Kukaa, utakaa humu na mimi mchana kutwa kama unapenda. Lakini chumba hiki ni cha kazi. Hutahamisha kitu hata kimoja."

"Upande wa ukutani," mama alirudia taratibu. "Nusu ya kabati."

"Ndiyo."

"Nimewazungukia watoto wangu wote tangu baba yenu alipofariki, na kaka yako huyo nimekaa kwake mwaka mzima," mama alisema. "Kote nimelala sebuleni, na wakija wageni nakunja godoro. Hata kwako. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia kitanda changu ni kipi."

Hata kwako. Ilikuwa kweli, alilala hapa hapa, kwenye sakafu hii, kati ya miguu ya meza, na akaamka kabla ya wateja. Fundi alishika simu, hasira zikampanda upya mpaka masikioni, safari hii juu yake mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumtoa nje.